Mtani wa Baba Yangu

Mara ya kwanza kumwona vizuri alikuwa amelala chali ndani ya kaburi lisilo lake, anatafuna muhogo wa kuchoma, na padri wa Kijerumani amesimama juu yake na joho la mazishi, uso umemwiva. Hapo ndipo balaa la nyumba yetu lilipoanzia, na nitalieleza. Lakini niseme mapema kwamba mtu huyo sina kinyongo naye. Alipokufa nilimlilia kuliko nilivyowalilia ndugu zangu wengine, na kama huko aliko amesikia hivyo, najua tayari ananidai kuku.

Jina alikuwa nalo, la jandoni na la ubatizo, ila mimi nikimtaja kwa jina naona kama nazungumza habari za mtu mwingine. Tulimwita Mtani, basi, na Masasi nzima ikamwita hivyo, hata watu wasio na utani naye hata chembe. Alizaliwa wapi na mama yake nani, waulizwe watu wa ukoo wake; wapo, na wanapenda kuulizwa. Mimi nilimjua kama mchimba makaburi wa misheni ya Waanglikana pale Masasi, chini ya mlima wa mawe, wakati Wajerumani wanatawala na akida anapita kudai kodi.

Sasa, kwetu Wamakua koo zina watani wao. Ukoo wa baba yangu na ukoo wa Mtani walikuwa na utani tangu enzi za mababu. Ukifiwa, mtani wako ndiye anayechimba kaburi. Anakuja, anakucheka, anamwigiza marehemu alivyokuwa akikohoa, anakufichia chungu cha mboga, na kaburi likiwa tayari anaingia humo analala, hatoki mpaka apewe kuku. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na ndilo kusudi lenyewe, msiba usije ukawaua na wao. Kumkasirikia mtani ni aibu kubwa. Mtoto wa kwetu analijua hilo kabla hajaota meno ya pili.

Padri hakulijua. Alikuwa mgeni, hajamaliza hata mavuno mawili kwetu Lukuledi, kwenye misheni ya Wakatoliki. Aliyekufa alikuwa mjomba wake baba, mzee Mkatoliki aliyeheshimika, na Mtani akaja kwa miguu kutoka Masasi na jembe lake begani kama ilivyompasa. Alichimba vizuri, akaingia, akalala, akatoa muhogo wake. Padri akafika na wimbo na ubani, akachungulia.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni Mwanglikana, Padri," mtu mmoja akajibu, kana kwamba hilo lilieleza kila kitu.

"Toka humo!"

"Sitoki mpaka nipewe kuku," Mtani akasema kwa upole. "Na wewe Padri kama una jogoo mlete, sichagui."

Lo! Padri akamwagia maji ya baraka yote yaliyokuwa kwenye chombo, nadhani alitaka kumfukuza shetani. Mtani akaketi, akajifuta uso, akasema, "Asante. Masasi walinibatiza, na ninyi wa Lukuledi mmeniongezea." Watu walicheka wakashikana mabega. Hata mjane alicheka. Aliyekuwa hacheki ni baba yangu peke yake, maana baba alikuwa mwalimu wa dini pale misheni, Mkatoliki tangu misheni inaanza, mtu aliyekuwa akiikunja kanzu yake na kuilalia ili inyooke, na padri alikuwa amemgeukia yeye.

Padri hakumfokea Mtani hata neno moja. Alimfokea baba, mbele ya watu na mbele ya maiti, akamwuliza muda wote huo alikuwa akiwafundisha watu kitu gani. Baba alisimama ameshika kitabu chake, midomo inamcheza. Jioni ile, nyumbani, akasema kwa sauti ndogo: "Mguu wangu hautakanyaga ndani ya nyumba ya Mwanglikana mpaka nakufa. Mungu na Mama Maria wananisikia." Mimi nilikuwa nimesimama na kata ya maji mkononi, na nilikuwa nimekwisha kuchumbiwa na seremala wa Masasi, Mwanglikana kuanzia unyayo mpaka utosini.

Kwetu mjomba ndiye mwenye neno katika ndoa, na mjomba wangu alikuwa amekwisha kukubali na kula mahari, kwa hiyo baba hakuzuia. Desturi ni mume kuja kukaa kwa wakwe zake, lakini padri hakutaka Mwanglikana kijijini pake, basi nikaenda mimi Masasi. Nikafunga ndoa kanisani kwa mume wangu, nikanyimwa komunyo kwetu, nikanyamaza. Hayo yote niliyaweza. Lililonishinda ni moja tu, kwamba baba yangu hangeingia nyumbani kwangu akaketi na kula ugali nilioupika. Mtoto wa kike anajenga nyumba ili baba yake aione. Mimi yangu aliiona kwa mbali, akiwa barabarani, akapunga mkono, akapita.

Mtani alikuja kunisalimia siku ya tatu ya ndoa yangu. Nikamwambia usoni: "Shikamoo. Wewe ndiye uliyeniharibia."

"Marahaba, mke wangu," akasema. Mke wangu ndivyo alivyoniita mpaka mwisho, mbele ya mume wangu na mbele ya mkewe, kama watani wanavyofanya. "Mimi sijaharibu kitu. Mimi nimezika. Baba yako amekasirika na mtani, hilo ndilo kosa lililopo, nami nitamtoa hasira hata ikibidi nimfuate mpaka mbinguni. Kama Waroma wanaingia huko."

Alikuwa mtu mwembamba, mrefu, mwenye masikio makubwa na mikono iliyoning'inia kama si yake. Siku za kazi alivaa kaniki. Jumapili alivaa koti jeusi alilopewa na Mzungu mmoja wa misheni aliyekuwa mfupi, basi mikono ilimfika viwikoni, na yeye mwenyewe alijiona nadhifu kupita wote. Aliimba kanisani kwa sauti kubwa mno na hakupatia hata wimbo mmoja. Mwalimu wa kwaya alimwomba aimbe moyoni. Akajibu kwamba moyoni anaimba pia.

Na huyo mchimba makaburi, jamani, alikuwa anaogopa vyura! Maiti haikumtisha, nyoka alimpiga jembe huku anaongea na wewe, lakini chura akiruka alikuwa mtu wa kupiga kelele kama mwali. Masika, kaburi likikaa wazi usiku mmoja tu, vyura walijaa humo, na yeye aligoma kushuka mpaka mkewe aje awatoe. Mkewe alikuwa mnene, mtulivu, msema machache. Alikuwa anashuka kaburini na kikapu, anaokota vyura, huku mumewe amesimama mbali anamwambia aharakishe. Mtu akimtania juu ya hilo alinuna siku mbili. Utani wa wenzake hakuupenda, huo ndio ukweli, ingawa yeye alikuwa hana dogo.

Kwaresima aliishika barabara, pombe haigusi, mpaka watu wakamwonea huruma. Sikukuu ndiyo alikuwa akizidisha. Akishamaliza ya Masasi aliangalia kama Lukuledi kuna maandamano yoyote, akaenda huko, akajipanga nyuma ya Wakatoliki, akala kwao. Ukimwuliza anakwambia ile siku ya kaburini alibarikiwa na wao, wana wajibu wa kumlisha. Na kote huko akili yake ilikuwa kwa baba. Alikaa mbele ya nyumba ya baba kule Lukuledi, juu ya kinu kilichopinduliwa, akaanza uchokozi.

"Mwalimu, hivi Mungu wenu ana miaka mingapi? Naona mnamsemesha Kilatini, lugha ya marehemu. Sisi kule tunamwambia kwa Kiswahili, anasikia upesi."

Baba akaendelea kufuma kikapu.

"Au ndiyo maana mvua ya Lukuledi inachelewa?"

Siku moja, ndiyo, siku moja baba alijibu. Alisema bila kuinua macho: "Anayewasikia ninyi ni ndege wa mtama, mkiimba wanakimbia." Mtani aliruka kutoka pale kinuni, akaja mbio mpaka Masasi kunieleza, jasho linamtiririka. "Amejibu, mke wangu! Baba yako amejibu!" Lakini kuingia kwangu baba hakuingia, na Mtani naye akaonywa na watu wa misheni asirudi kule kuleta fujo. Akarudi.

Nilimwuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Tulikuwa shambani kwangu, ananisaidia kung'oa visiki vya muhogo, na akajibu huku anang'oa. "Hawa Waroma na sisi wanatuita ndugu waliogombana. Ndugu mimi nawajua, ndugu wanagombania shamba mpaka wanalogana. Afadhali tuwe watani. Mtani utamtukana asubuhi, utamnyang'anya kuku mchana, lakini ukifa hana budi kuja. Hata kama hakupendi, anakuja na jembe." Akang'oa kingine, akaongeza kwamba visiki vyangu vilipandwa na mvivu, na mvivu mwenyewe anamjua.

Sitaki mfikiri alikuwa mtu wa kucheka tu. Nilimkuta mara moja, mchana, anachimba kaburi la kitoto kichanga. Kichanga hakifanyiwi utani. Alikuwa amelitupa jembe pembeni, anachimba kwa mikono, na kamasi zinamtoka. Aliponiona alijifuta kwa kaniki akasema, "Ukimwambia mtu, nakuoa kweli." Sikumwambia mtu mpaka leo.

Kisha vita vya Maji Maji vikaja. Habari zilitangulia, za dawa ya maji inayogeuza risasi kuwa maji, na walioamini hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliochoshwa na kodi na viboko vya akida, na wengine walikuwa ndugu zetu wa damu. Wapo waliomletea Mtani dawa hiyo. Akawakatalia kwa adabu, akasema mwili wake umekwisha kumwagiwa maji na makanisa mawili, ya tatu yatamletea mafua. Wakacheka, wakampita. Misheni ya Lukuledi ikachomwa moto, Masasi napo hapakukalika, na Wazungu wa misheni zote mbili wakashika njia ya pwani. Sisi wengine tulipanda mlima kwenda Newala.

Newala juu ni baridi, ukungu wa asubuhi unaingia mpaka mvunguni, na maji hakuna. Maji yako bondeni, chini kabisa ya genge, wanawake wanateremka na mitungi na kupanda tena magoti yakiwatetemeka. Wenyeji walitupokea wote pamoja, wala hawakuuliza nani anasali wapi. Tuligawanyika wenyewe. Waanglikana tulijenga vibanda upande wa mashariki wa uwanda mmoja, Wakatoliki wakajenga magharibi, na baba yangu akiwa ndiye mkubwa wao, hawana padri. Asubuhi kengele mbili, maana kila upande ulikuwa umening'iniza kipande cha chuma. Mama mmoja wa Kimakonde aliyetupa mihogo aliniuliza kama tumegombana na Mungu wetu au sisi kwa sisi. Niliona haya kumjibu.

Kibanda changu kilikuwa karibu na cha baba kiasi kwamba nilimsikia akikohoa. Binti yangu Agnesi alikuwa ameanza kutembea, na kila siku alivuka uwanda ule peke yake kwenda kwa babu yake. Baba alimpakata, akamlisha, akamrudisha mpaka karibu na mlango wangu, akamwachia hapo akageuka. Mlango wenyewe ulikuwa nyasi tu. Nilikuwa nikimtazama kwa ndani, moyo unanichoma.

Ndipo shangazi akafa, dada yake baba, kwa homa na uchovu wa njia. Mtani mmoja tu wa ukoo wao ndiye aliyekuwepo Newala, na mnamjua. Alikuja na jembe lake. Baba akasimama mbele yake.

"Usiguse," akasema. "Dada yangu nitamzika mwenyewe."

Watu waliguna. Mtu hachimbi kaburi la dada yake, na mtani yupo! Mtani akashusha jembe begani. Akaenda kukaa kwenye kigogo, jembe mapajani.

Baba akachimba. Hakuwa mchimbaji, alikuwa mtu wa vitabu na vikapu. Udongo wa Newala ni mchanga mwekundu, unachimbika vizuri, ubaya wake unabomoka, na sisi tumezoea wa bondeni unaoshikana. Aliteremka kwenda chini, kuta zimenyooka, mpaka akabaki kichwa tu. Kisha ukuta mmoja ukamwangukia, pwaa, ukamfunika magoti. Akajaribu kujitoa, wa pili ukaja. Hakuna ndugu aliyethubutu kusogea, kwa sababu sisi hatuchimbi, na kila mtu akawa anamtazama Mtani.

Mtani akaja taratibu mpaka ukingoni, akachungulia.

"Mwalimu, umeamua kumtangulia dada yako?"

Baba akajaribu tena kuung'oa mguu.

"Toka basi, tumzike mwenye kaburi."

Baba akamtazama. Alikuwa mchanga mpaka kwenye nyusi. Halafu akafanya jambo ambalo nikilikumbuka nacheka peke yangu: akakaa chini, pale pale kaburini, akakunja mikono.

"Sitoki," akasema.

"Hutoki?"

"Sitoki mpaka nilipwe."

Weee! Nilijiziba mdomo kwa kanga. Mtani mwenyewe alipigwa na butwaa, maana nafasi ile ilikuwa yake, na hapo aliyenyang'anywa ni yeye.

"Kuku sina, mwalimu. Vita vimekula kuku wote."

"Kuku simtaki. Nataka umsalie dada yangu Salamu Maria. Yote. Kwa Kilatini."

Mtani akavua kofia. Alikuwa amesimama sana kwenye madirisha ya kanisa la Lukuledi, basi akaanza vizuri, "Ave Maria, grasia plena," kwa sauti ile ile yake ya kutopatia. Yakamwishia hapo. Hakusimama, akaendelea kwa unyenyekevu mkubwa, macho yamefumbwa: "Chiwata, Nangoo, Luatala, Newala, Masasi, Lukuledi, amina." Vijiji vyote alivyopita maishani mwake aliviweka mle. Niliona mabega ya baba yakianza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka akiwa ndani ya kaburi la dada yake mpaka akakohoa, na sisi huku juu tukacheka na kulia vyote pamoja, kama inavyotakiwa.

Mtani akamvuta, akashuka yeye, akalitengeneza kaburi kwa kulipanua juu, kazi ya muda mfupi. Baba akasoma sala zake. Mwalimu wa Waanglikana akamwuliza kama na sisi tunaweza kuitikia, baba akasema vinywa ni vyenu. Tukaitikia. Tangu siku hiyo kipande kimoja cha chuma kikaondolewa, kengele ikawa moja, na nadhani mama yule wa Kimakonde aliamini tumepatana na Mungu.

Baada ya mazishi chakula kilikuwa kwangu. Watu wakaja, baba akaja nao. Akafika mlangoni akasimama.

"Nimeapa," akasema, na niliona anaumia.

"Uliapa usiingie," Mtani akasema kutoka ndani, mdomo umejaa. "Kula uliapa?"

Baba akafikiri. Alikuwa mtu wa kweli, akafikiri kweli kweli. "Kula sikuapa."

"Basi kaa hapo hapo, usitupotezee muda."

Akakaa upenuni, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wangu kwa nje, nikampelekea ugali na kisamvu. Akala. Nusu ya nilichokitaka nikaipata siku hiyo, na nusu ikabaki.

Njaa iliyofuata vita sitaizungumza, nikiianza siimalizi. Tulishuka, tukajenga upya, makanisa nayo yakajengwa upya, kila moja mahali pake. Baba akawa anakuja Masasi mara kwa mara, na kila akija anakaa upenuni. Jua likigeuka anageuka nalo. Watu wakipita wanamsalimia: "Shikamoo mwalimu, leo tena uko nje?" Anajibu marahaba, yuko nje. Padri mpya wa Lukuledi, mtu mcheshi, alisikia habari hiyo akasema yuko tayari kumfungua kiapo. Baba akakataa. Alisema hakumwapia padri.

Mtani naye alizeeka. Mgongo uliinama, jembe la makaburini akamwachia mpwa wake, akabaki kumsimamia na kumkosoa. Hakuwa tena akitembea mpaka Lukuledi. Wao wawili walikutana kwangu, mmoja nje mmoja ndani, wanatukanana kupitia ukutani, wanafurahi.

Ikafika masika moja ya mvua za upepo. Baba alikuja akiwa na kifua kibaya. Nikamwekea kigoda upenuni kama kawaida, na mvua ikaja ya kukata, inamlowesha miguu. Nikamwambia, "Baba, nakuomba. Utakufa hapo nje."

"Nikifa nitakuwa nimeshika neno langu," akasema, meno yanagongana.

Nikalia kwa hasira, sitawaficha. Nilimkasirikia yeye, na padri yule wa zamani, na wote walioona Mungu anafurahishwa na mzee kulowa. Mtani alikuwa ndani, anaota moto. Alisikia yote. Akainuka, akajitanda gunia kichwani, akatoka bila hata kumchokoza baba. Nikaona na yeye amechoka.

Mvua ilipopungua alirudi. Mume wangu alikuwa pamoja naye, na mpwa wake, na wamebeba nguzo, fito na matita ya nyasi. Mtani alikuwa ameshika jembe. Baba alikuwa ndiyo kwanza ameanza kula. Mtani akaenda mpaka hatua chache mbele ya miguu yake, pale mvua inapodondokea, akaanza kuchimba.

"Unafanya nini?" baba akauliza.

"Nachimba. Kazi nyingine sikufundishwa."

"Unachimba nini?"

"Mashimo ya nguzo. Wewe kula."

Mume wangu akasimamisha nguzo ya kwanza, mpwa akashindilia. Ya pili ikasimama upande wa kulia wa baba. Wakaanza kufunga fito, wakarefusha paa kutoka pale lilipoishia, likaanza kumpita kichwani. Hapo baba alielewa. Nilimwona anaelewa. Alikuwa na fimbo yake, alikuwa na miguu yake, angeweza kuinuka akaondoka, na mimi nilisimama mlangoni namtazama.

Nguzo ya tatu ilikuwa inakuja upande wa kushoto, na hapakuwa na nafasi. Mtani akasimama na jembe, anahema. Baba akamtazama, akaitazama nguzo. Kisha akalishika bakuli lake la mboga akalisogeza pembeni kidogo, ili shimo lipate mahali.

Wakatundika mikeka kuwa kuta mpaka udongo upatikane. Ukuta wangu wa zamani, ule aliokuwa akiuegemea miaka yote, mume wangu akautoboa kwa shoka, mwanga wa moto ukaingia, na Agnesi akapita pale akaenda kukaa miguuni pa babu yake.

"Sikuingia," baba akasema.

"Hukuingia," Mtani akasema. Alikuwa amekaa chini kwenye matope, amechoka kabisa, hana hata nguvu za kutukana. "Nyumba ndiyo imetoka. Nani aliiapisha nyumba?"

Baba alimaliza tonge lake, akanawa, akamega kipande cha ugali akampa Mtani mkononi, na Mtani akala. Halafu baba akainua macho akatazama juu, kwenye nyasi zile mbichi zilizofungwa haraka haraka, tone likamwangukia shavuni, na akaniita kwa sauti ya baba yeyote aliyeketi kwa binti yake.

"Mama Agnesi," akasema, "nyumba yako inavuja."

Nililia, jamani. Nililia nikamwongezea mboga.